Matumbawe Kasulu? Piga Hesabu Kwanza, Halafu Tazama Ziwa Lililo Chini Yetu

Kila msimu, maharage yakishauzwa na pesa ikaingia mfukoni, maswali ninayopokea hubadilika. Kabla ya mavuno ni mbegu, mbolea na funza. Baada ya mavuno ni "afisa, nifanye mradi gani mwingine?"

Mwaka huu limeingia swali jipya. Kijana mmoja wa Kibondo ameona mtandaoni akwariamu ya maji chumvi: kioo kikubwa, taa ya bluu, matumbawe ya kila rangi na samaki wa machungwa wenye mistari myeupe. Anataka kuiweka nyumbani, ajifunze, halafu awatengenezee wenye lodge na kliniki. Muuzaji wa mbali anamtaka atume nusu ya pesa kwanza. Pesa hiyo ndiyo aliyotenga kununulia pembejeo za msimu ujao. Ameniuliza: "Inawezekana huku kwetu?"

Jibu fupi: inawezekana. Ila kuwezekana na kulipa ni vitu viwili tofauti. Twende na hesabu, kisha niwaonyeshe njia ambayo kwa mtu wa Mkoa wa Kigoma naiona ina akili zaidi.

Matumbawe yanataka nini?

Tumbawe linaonekana kama jiwe au ua, lakini ni mnyama. Yale ya kujenga miamba hutoa madini kwenye maji na kujijengea mifupa ya chokaa. Mengi yanaishi na mwani mdogo sana ndani ya miili yao, na mwani huo hutumia mwanga kuwatengenezea chakula. Kwa hiyo unapofuga matumbawe unafuga mnyama, unalima mmea na unalinda kemia ya maji, vyote ndani ya kioo kimoja.

Maji yake yakae hivi:

- Chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita
- Joto nyuzi 24 hadi 27
- pH 8.1 hadi 8.4
- Kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita
- Magnesiamu miligramu 1,300 hivi kwa lita

Vipimo hivi havitakiwi kuyumba. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi haiondoki, inabaki na kuzidi makali. Ndiyo maana kila siku unajazia maji matamu safi, siyo maji ya chumvi.

Sasa chukua kioo cha kawaida cha kuanzia: urefu sentimita 90, upana 40, kimo 45. Ukizidisha unapata lita 162. Ukitoa nafasi ya mawe, mchanga na sehemu ya juu isiyojazwa, maji yanabaki kama lita 140. Hapo unahitaji karibu kilo 5 za chumvi ya akwariamu kwa kuanzia. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, ni lita 14, yaani karibu nusu kilo ya chumvi. Kwa mwaka ni kilo 25 na ushee. Jumla ya mwaka wa kwanza ni kama kilo 30 za chumvi maalumu, inayosafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani mpaka kwako.

"Si tuna chumvi ya Uvinza?"

Swali zuri, na nimelisikia zaidi ya mara moja. Chumvi ya Uvinza ni mali yetu, na watu wameichemsha pale tangu zamani sana. Lakini chumvi ya mezani ni kloridi ya sodiamu karibu yote. Katika maji ya bahari, sodiamu na kloridi ni kama asilimia 85 ya uzito wa chumvi zote. Zilizobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na nyingine. Hiyo asilimia 15 ndiyo inayojenga tumbawe. Ni sawa na kulima mahindi kwa UREA peke yake ukisema umeweka mbolea kamili. Naitrojeni ipo, fosforasi na potasiamu ziko wapi?

Na maji ya kuchanganyia nayo yanatakiwa yawe yamechujwa mpaka karibu kila madini yaondoke. Huo ni mtambo mwingine wa kununua, na vichujio vyake hubadilishwa.

Umeme ndio kipimo halisi

Kwa miaka mingi miji yetu iliendeshwa kwa jenereta za dizeli. Sasa gridi ya Taifa imefika, lakini kila mmoja wetu anajua kukatika bado kupo. Tupige hesabu ya makadirio kwa siku moja:

- Taa ya matumbawe wati 120 kwa saa 8: uniti 0.96
- Pampu za kuzungusha na kusafisha maji, wati 40 kwa saa 24: uniti 0.96
- Hita wati 150, ikiwaka theluthi moja ya siku: uniti 1.2

Jumla ni uniti 3.1 kwa siku, karibu 94 kwa mwezi. Kama uko kwenye daraja la watumiaji wadogo, lile la chini ya uniti 75 kwa mwezi, akwariamu peke yake inakutoa. Baada ya hapo kila uniti ya nyumba nzima, hata ya kuchaji simu, utainunua kwa bei ya juu. Hapo hatujagusa betri ya akiba. Umeme ukikatika usiku kucha bila akiba, asubuhi unaweza kukuta samaki na matumbawe yote yamekufa kwa kukosa hewa.

Halafu kuna sheria. Matumbawe yenye mifupa ya mawe yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Tuna pia Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Mtu akikwambia anakuletea "matumbawe freshi" kutoka pwani bila karatasi yoyote, kaa mbali naye. Mali ikikamatwa njiani, pesa yako haitarudi.

Ushauri wangu kwa kijana wa Kibondo: usitume hiyo nusu. Ya maji chumvi ifanye baadaye, ukishakuwa na mteja anayelipia vifaa vyote na matunzo ya kila mwezi kwa maandishi.

Hazina iko chini yetu

Wakati sisi tunatazama picha za bahari, wapenzi wa akwariamu wa Ujerumani, Marekani na Japani wanatafuta samaki wa Kigoma. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Ni ndugu wa sato, na ndugu wa kuhe mnayemla Kigoma mjini, ila hawa wa mapambo wengi wanaenea kiganjani. Biashara ya kuwasafirisha hai ina zaidi ya nusu karne. Pierre Brichard alifanya kazi hiyo upande wa Burundi katika miaka ya 1970, na samaki mmoja wa ziwa hili, Neolamprologus brichardi, amepewa jina lake.

Uzuri wa hawa ni kwamba mandhari yao inafanana na mwamba wa baharini: mawe, mapango, mchanga, rangi na vituko. Lakini hawataki chumvi ya bahari, taa kali wala mitambo mingi. Kwa kioo kilekile cha lita 140, taa ya wati 15, pampu ya hewa ya wati 5 na hita ya wati 100, kwa mtindo uleule wa hesabu unapata kama uniti 1 kwa siku, yaani 31 kwa mwezi. Hiyo ni theluthi moja ya ile ya matumbawe.

Hatua ya 1: Kioo na mahali pa kukiweka

Fundi wa vioo na aluminiamu wa mjini anaweza kukitengeneza. Mwambie kioo cha milimita 10, na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo inaua samaki. Acha silikoni ikauke wiki nzima. Kisha jaza maji, nje ya nyumba, sehemu iliyo sawa, uangalie kwa siku mbili kama kinavuja.

Kikijaa maji, mawe na mchanga kinazidi kilo 200. Meza ya sebuleni haiwezi. Jenga stendi ya matofali ya saruji au chuma kwenye sakafu iliyo sawa, weka ubao mnene, juu yake foronya ya sponji nyembamba, ndipo kioo. Kiwe mbali na jua la dirishani.

Hatua ya 2: Mawe kwanza, mchanga baadaye

Panga mawe juu ya sakafu ya kioo (tanguliza karatasi nene ya plastiki), ndipo umwage mchanga. Wengi hufanya kinyume. Samaki hawa ni wachimbaji. Wakichimba chini ya jiwe lililokaa juu ya mchanga, linaporomoka na kuvunja kioo.

Mchanga uwe laini na uoshwe mpaka maji yatoke meupe. Kwa mawe, fanya jaribio la ndimu: dondoshea maji ya ndimu au siki. Likitoa mapovu, lina chokaa, na kwa samaki wa Tanganyika hilo ni zuri.

Hatua ya 3: Tengeneza maji ya ziwa

Hapa mkulima wa ukanda wa juu asikilize vizuri. Maji ya ziwa ni magumu na yana pH ya 8.5 hadi 9. Maji ya mvua, na mengi ya chemchemi zetu za milimani, ni mepesi kama udongo wetu ulivyo na tindikali. Kwa kila lita 100 za maji mepesi changanya:

- Gramu 25 za bikaboneti ya soda, ile ya dukani ya kupikia. Siyo bekingi pauda wala hamira.
- Gramu 40 za salfeti ya magnesiamu, ile ambayo wengine mnapulizia majani. Iwe safi, isiyochanganywa na virutubisho vingine.

Ongeza makombe yaliyopondwa au mawe ya chokaa ndani ya kioo ili kalsiamu iwe inatoka polepole. Mimina mchanganyiko kwenye ndoo kwanza, tingisha, pima, ndipo uhamishie. pH ikishazidi 8.2 na kutulia, umefika pa kuanzia. Maji ya bomba yenye dawa yaache wazi kwenye ndoo siku nzima, na kama una pampu ya hewa itumbukize.

Angalizo: usitumie chokaa ya kupakia ukuta. Chokaa ya kilimo na chokaa iliyochomwa ni vitu tofauti. Hiyo ya ukutani inapandisha pH ghafla na kuunguza samaki.

Hatua ya 4: Subiri wiki 4 hadi 6

Hapa ndipo vijana wengi wanapopigwa. Kioo kimependeza, maji ni maangavu, anataka samaki kesho. Subiri.

Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wa kwanza wanaigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa pili wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo haina ukali huo na unaitoa kwa kubadilisha maji. Ni mzunguko uleule wa naitrojeni tunaofundishana shambani. Bakteria hao hukaa kwenye sponji ya kichujio, mchanga na mawe, na wanahitaji wiki kadhaa kuongezeka. Washa pampu na hita, weka chembe chache za chakula cha samaki kila siku ili bakteria wapate kazi, na upime. Amonia na naitriti zikisoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, kioo kiko tayari. Usitie UREA wala samadi.

Kwa nini nasisitiza? Amonia ina sura mbili majini, na yenye sumu kali huongezeka kadiri pH inavyopanda. Katika pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo sumu kali. Katika pH 9, kwa joto la nyuzi 25, inazidi theluthi moja. Kwa hiyo maji ya Tanganyika hayasamehe uvivu wa kusafisha.

Hatua ya 5: Samaki gani, wangapi

Kwa kioo cha sentimita 90, gawa pande mbili. Upande mmoja mchanga na makombe matupu ya konokono. Upande mwingine rundo la mawe.

Upande wa makombe: kundi la Neolamprologus multifasciatus 8 hadi 10, na makombe 20 au zaidi. Ni samaki wa sentimita 3 hadi 4 tu. Wanaishi ndani ya kombe, wanataga humo, na kundi linakua lenyewe bila kuhamisha watoto. Asili yao ni kusini mwa ziwa. Ukikosa hao, jozi mbili au tatu za Neolamprologus brevis zinafaa. Makombe chukua matupu tu, chemsha kabla ya kutumia, na usilete konokono hai.

Upande wa mawe: jozi moja ya Julidochromis, samaki mwembamba mwenye mistari. Basi. Usiongeze.

Wasifae kwa kioo hiki: frontosa, yule mwenye nundu kichwani, hufika sentimita 30 na anataka lita 400 kwenda juu. Tropheus ni wagomvi, hukaa kwa makundi ya 12 au zaidi, na utumbo wao mrefu ni wa kula mwani. Ukiwalisha nyama wanavimba tumbo na kufa.

Kutoka Kigoma mjini samaki wasafirishwe asubuhi, wakiwa hawajala tangu jana yake, mfuko ukiwa na maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ndani ya kasha linalotunza joto. Ukifika, ongeza maji ya kioo chako kidogokidogo kwenye mfuko kwa saa moja hivi. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, sisi tuko juu ya 1,200. Kadiri unavyopanda, hewa inayoyeyuka majini hupungua, hivyo pampu ya hewa isizimwe usiku. Hita iweke nyuzi 25. Usiku wa Juni na Julai mnaujua.

Ratiba ya kila siku na kila wiki

Lisha kidogo mara mbili kwa siku, kiishe ndani ya dakika mbili. Viluwiluwi vya mbu kutoka pipa safi la maji ya mvua ni chakula kizuri cha ziada. Kila wiki badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji, kwa maji uliyoyatengeneza vilevile. Sponji isuuze kwenye maji uliyoyatoa ndani ya kioo, siyo chini ya bomba lenye dawa, maana utaua bakteria uliowasubiri wiki sita.

Na kwa sisi wakulima kuna kanuni moja isiyo na mjadala: ndoo ya samaki ni ya samaki tu. Viuatilifu vya wadudu vya jamii ya pareto vinaua samaki kwa kiasi kidogo mno, na shaba ya kupulizia kahawa vilevile. Umetoka kupulizia nyanya? Oga, badilisha nguo, ndipo usogee kwenye kioo. Bomba la kupulizia lisihifadhiwe chumba kimoja na akwariamu.

Biashara iko wapi?

Kioo cha kwanza ni shule, siyo mradi. Kitunze mwaka mzima. Kikizalisha na ukaweza kukuza watoto, tengeneza cha pili cha kukuzia. Soko la karibu ni lodge, kliniki, ofisi na shule za Kasulu, Kibondo na Kigoma mjini. Na pesa ya uhakika iko kwenye mkataba wa kusafisha na kutunza kila mwezi kuliko kwenye kuuza samaki mmoja mmoja.

Usichanganye samaki wa maeneo tofauti ya ziwa ndani ya kioo kimoja. Aina moja huwa na rangi tofauti kutoka ufukwe hadi ufukwe, na mnunuzi makini anauliza chimbuko. Andika daftari: umewapata wapi, lini, wamezaa lini.

Kuvua kwa ajili ya biashara na kusafirisha nje kunahitaji leseni na vibali, kwa hiyo anzia ofisi ya uvuvi ya wilaya. TAFIRI nayo ina kituo Kigoma. Usinunue samaki waliotolewa hifadhini. Hifadhi ya Mahale, kwa mfano, inajumuisha ukanda wa ziwa wa kilomita 1.6. Na ukichoka, usimwage samaki mtoni. Mito yetu kama Ruchugi inaishia Malagarasi, na ardhi oevu ya Malagarasi na Moyovosi ndiyo eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Mgeni mmoja akizaliana humo hatoki tena.

Kwa hiyo?

Pembejeo za msimu zinunuliwe kwanza. Kinachobaki, kama kinatosha kioo, pampu, hita, vipimo vya maji na akiba ya betri, anza na samaki wa ziwa letu. Kama hakitoshi, anza na kupima maji ya kwenu pH yake, na uende Kigoma ukaone samaki wenyewe kabla ya kumlipa mtu yeyote. Matumbawe yatasubiri.

Wiki ijayo tunarudi shambani: namna ya kuhifadhi mbegu za maharage zisibunguliwe. Kazi njema.